Skii si sare ya shule, usinunue ya kukulia (Sehemu ya 6)

Kina baba mnaosoma kimyakimya bila kukomenti, nawaona. Sehemu ya 5 tulimaliza habari ya matone ya vitamini D. Nilipanga leo tuzungumzie kikohozi, lakini wiki hii ujumbe umekuwa mmoja tu: "Dada nesi, shule imetuma taarifa, watoto waje na skii. Ninunue ipi?"

Mlioko nyumbani, Tanga, Kisumu, Bukavu, mtuvumilie. Leo tunaongea na ndugu zenu wanaolea watoto huku Norway kwenye theluji. Lakini someni tu, wengine mna wajukuu huku na ninyi ndio mnaotumiwa zile picha.

Mtaniuliza, nesi na skii wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba ikifika Februari na Machi, mimi ndiye ninayeipokea ile miguu pale kwenye kituo cha dharura. Na si miguu tu. Napokea pia matumbo, na hayo nitayafikia.

Kwanza tuelewane. Skii ni ule ubao mrefu mwembamba unaofungwa chini ya kiatu ili mtu ateleze juu ya theluji. Huku kuna aina mbili ambazo mtoto wako atakutana nazo. Ya kwanza ni skii za kutembea, nyembamba na nyepesi, kisigino kinanyanyuka kama unavyotembea. Hizi ndizo shule inazotaka mara nyingi. Ya pili ni skii za kuteremka mlimani, fupi, pana, zina makali ya chuma pembeni, na kiatu chake ni cha plastiki ngumu kinachofungwa kote mbele na nyuma. Ukimpeleka mtoto na aina isiyotakiwa, siku nzima atakaa pembeni anaangalia wenzake.

Sasa, watu wengi wakienda dukani au kwenye soko la mitumba wanapima urefu tu. Skii inasimamishwa kando ya mtoto, "aa, imempita kidogo, inafaa," tunalipa, tunaondoka. Jamani, urefu ni nusu ya habari. Nusu nyingine, ambayo haionekani kwa macho, ni ugumu wake: skii inakubali kupinda kiasi gani ikibebeshwa uzito. Skii mbili zenye urefu uleule na rangi ileile, moja inaweza kuwa imetengenezwa kwa mtoto wa kilo 25 na nyingine kwa wa kilo 45.

Chukua skii ya kutembea, ilaze kwenye sakafu iliyo sawa. Utaona haikulala yote. Ncha ya mbele na ya nyuma zinagusa chini, katikati imenyanyuka, kama upinde wa mshale uliolazwa. Sasa fikiria chaga za kitanda. Ukiweka chaga nyembamba mno, ukilala godoro linazama mpaka chini. Ukiweka mbao nene kama za mlango, haziinami hata kidogo, umelala juu ya meza. Ule upinde wa skii ndio chaga zako. Lazima uinue na lazima ukubali kushuka, vyote viwili, kwa wakati wake.

Kwa nini? Kwa sababu pale katikati, chini ya kiatu, ndipo penye kitu cha kushika theluji. Zamani na hata leo wengi wanapaka nta maalumu. Skii nyingi za watoto siku hizi zina magamba kama ya samaki yaliyochongwa kwenye plastiki, au utepe wenye manyoya mafupi. Manyoya yale yamelala kuelekea nyuma. Mpapase paka toka kichwani kwenda mkiani, mkono unateleza. Mpapase kinyume, unakwama. Ndivyo hivyo hivyo: mtoto akienda mbele inateleza, akitaka kusukuma inashika.

Anapoteleza kwa miguu yote miwili, uzito wake umegawanyika, kila skii imebeba nusu. Upinde unatakiwa ubaki umenyanyuka, ile sehemu ya kushika isikwaruze chini. Anapojisukuma kwa mguu mmoja, uzito wote unaingia kwenye skii moja, upinde unashuka, sehemu ya kushika inagusa theluji, anapata pa kukanyagia. Anakwenda. Hiyo ndiyo siri yote ya kutembea kwa skii, na yote inategemea kilo za mwenye miguu.

Skii ikiwa ngumu kuliko uzito wa mtoto, hata akisimama kwa mguu mmoja akaruka, upinde haushuki. Hashiki chochote. Kila akisukuma, mguu unarudi nyuma. Kwenye kamlima kadogo tu anarudi kinyumenyume mpaka anaanguka. Ikiwa laini kuliko uzito wake, sehemu ya kushika inakwaruza muda wote. Huyu haanguki sana, ila anachoka kama anayetembea kwenye mchanga wa Pangani na viatu vya mvua.

Na hapa ndipo tunapoumizana sisi. Tumelelewa kununua vitu vya kukulia. Sare ya shule inanunuliwa kubwa, mikono inakunjwa, "atakua nayo." Viatu vinawekwa karatasi mbele. Ni akili nzuri sana ya kubana matumizi na siicheki hata kidogo. Ila skii ya kukulia maana yake ni skii ndefu zaidi, na skii ndefu zaidi mara nyingi ni skii ngumu zaidi. Koti kubwa bado linampa mtoto joto. Skii ngumu haimpeleki popote.

Kuna mama mmoja, Mkongo wa Kivu, aliniandikia msimu uliopita. "Dada, mtoto anasema tumbo inauma kila Alhamisi." Mtoto wa miaka 7. Walishampeleka kwa daktari, mkojo safi, choo safi, tumbo laini, hana homa. Nikamuuliza, mama, Alhamisi shuleni kuna nini? Akasema wanaenda msituni na skii. Nikamuuliza anaendeleaje huko. Akanyamaza kidogo, ndipo akasema mwalimu ameandika kwamba mtoto hajitahidi, anakaa chini kwenye theluji, na huenda ana tatizo la mizani ya mwili.

Mimi sikuamini tatizo la mizani kwa mtoto ambaye nimemuona akikimbia juu ya ukuta wa mawe huku ameshika mkate. Jumamosi nikapita kwao. Skii zilikuwa nzuri, za mtumba, zinang'aa, mama alizipata kwa bei ya kahawa mbili. Pembeni zilikuwa na kile kistika kidogo cha uzito: kilo 40 hadi 50. Mtoto tulimpima akiwa na nguo zake, kilo 24.

Fanya hesabu na mimi. Mtoto wa shule ya msingi, kabla ya balehe, huongezeka kama kilo 2 mpaka 3 kwa mwaka. Hata tukimpa 3 kila mwaka, kufika kilo 45 ni miaka 7. Miaka 7 ya kuanguka kila Alhamisi akisubiri skii imtoshe!

Tukafanya jaribio la karatasi, ambalo nataka kila mama hapa alifanye. Unahitaji sakafu ngumu iliyo sawa, siyo zulia, na karatasi moja ya kawaida ya kuandikia. Laza skii zote mbili, mtoto apande juu akiwa amevaa viatu, akanyage pale vinapofungwa kiatu, asimame sawasawa kwa miguu miwili. Pitisha karatasi chini ya skii, pale chini ya mguu. Inatakiwa isogee kwa urahisi, mbele na nyuma kidogo. Sasa mwambie ahamishie uzito wote kwenye mguu huo mmoja, anyanyue mwingine. Karatasi inatakiwa ibanwe, uivute isitoke. Ikisogea kwa miguu miwili na ikibanwa kwa mguu mmoja, skii ni ya kwake. Ikibanwa tangu mwanzo, ni laini mno. Ikiendelea kusogea hata akisimama mguu mmoja, ni ngumu mno. Duka zuri lina mashine ya kupima hivi, lakini karatasi haijawahi kunidanganya.

Kwa kijana wetu karatasi ilikuwa inapita kama barua chini ya mlango. Baba yake akajaribu kumkandamiza mabegani, bado inapita. Mama akacheka, kisha akakaa kitini na hakucheka tena. Akasema, "Kwa hiyo mtoto hakuwa mvivu."

Hapana, mama, hakuwa mvivu. Alikuwa amefungiwa mbao za mlango miguuni.

Hawakununua nyingine. Huku kuna utaratibu unaitwa BUA, wanaazimisha vifaa vya michezo kwa watoto na vijana bure kabisa, skii zikiwemo. Sijui kwa nini wengi wetu hatuendi, nadhani tunaona haya, tunafikiri ni msaada wa maskini. Wenyeji wenyewe wanapanga foleni pale, profesa na mume wake wamebeba watoto. Nendeni. Yule mtoto alipata skii fupi zaidi, laini, zenye utepe wa manyoya. Tumbo halikupona Alhamisi ile ile, nisiwadanganye, mtoto akishaogopa kitu mwili unakumbuka. Ilichukua kama wiki tatu.

Kwa wadogo wa miaka 3, 4, 5, msijisumbue na karatasi. Wao wanatembea tu kama bata, hawatelezi bado. Mpe skii fupi, kama urefu wake mwenyewe au imzidi kidogo tu, yenye magamba au manyoya, laini. Wakubwa zaidi wanaoteleza kweli, urefu humzidi mtoto kama sentimita 10 hadi 15, lakini uzito ndio mwamuzi. Na ukiona skii ya mtumba chini yake ni laini tupu toka mbele mpaka nyuma, hakuna magamba, hakuna manyoya, na muuzaji anasema hizi hazipakwi nta ya kushika, hizo ni za mtindo wa kusukuma pembeni kama anayeteleza kwenye barafu. Ni ngumu kwa makusudi. Ni skii nzuri, lakini si za mtoto anayeanza.

Haya, tuje mlimani. Huku ndiko nachukia zaidi kuona watu wanabahatisha, kwa sababu huku kosa la ugumu haliishii kwenye tumbo la Alhamisi.

Skii ya mlimani inageuka kwa kupinda. Ukiitazama vizuri, ni pana mbele, nyembamba kiunoni, pana tena nyuma. Mtu akiilaza upande kidogo na kuikandamiza, inapinda kama upinde na makali yake yanachora duara kwenye theluji. Duara hilo ndilo kona, na kona ndiyo breki. Sasa mtoto wa kilo 22 atapinda kitu gani? Skii ikiwa laini, kilo zake zinatosha, inapinda, anageuka, anapunguza mwendo. Ikiwa ngumu, anaikandamiza inabaki imenyooka, na kitu kilichonyooka kwenye mteremko kinakwenda chini moja kwa moja.

Msinielewe vibaya, skii ngumu si mbaya. Kwa mtu mzito anayekwenda kasi, skii laini inatetemeka na kuyumba kama gari lililochoka springi. Ngumu inatulia. Kuna pia ugumu wa kujisokota, yaani skii inakataa kupindika kama unavyokamua nguo. Hiyo inasaidia makali yaume kwenye theluji iliyoganda kuwa barafu. Wanaoshindana wanazitaka hivyo, ndani zina mbao na mabamba ya aloi ya alumini. Za watoto ndani huwa na mbao nyepesi au povu gumu.

Mtego uko sokoni. Mwisho wa msimu watoto wa vilabu vya mashindano wanauza skii zao. Ni fupi, kwa hiyo unaona "za mtoto." Zinang'aa, bei imeshuka, zina maandishi makubwa. Mama anachukua. Ni fupi kweli, lakini ni ngumu kama reli. Simamisha skii, kisigino chake chini, shika ncha ya juu kwa mkono mmoja, sukuma katikati kwa kiganja cha mwingine. Fanya hivyo kwa skii tatu nne za urefu uleule, moja baada ya nyingine. Mkono wako utajua tofauti, kama unavyojua mwiko mpya na uliochoka. Si kipimo cha maabara, lakini ile ya reli utaikamata. Na msidanganyike na namba zilizoandikwa juu ya skii. Zile tatu ni upana wa mbele, kiuno na nyuma kwa milimita, na ile yenye R ni ukubwa wa duara kwa mita. Ugumu wenyewe kwa kawaida hauandikwi.

Kwenye kiatu unaandikwa. Utaona 50, 60, mpaka 130 kwa wanaume wazito wanaokwenda kasi. Namba kubwa, kiatu kigumu, ila 60 ya kampuni moja si lazima iwe sawa na 60 ya nyingine. Kwa mtoto, jaribio ni hili: avae, afunge, apige magoti kidogo kuelekea mbele. Kifundo kinatakiwa kipinde, goti liende mbele. Kama kiatu hakikubali, mtoto ataegemea nyuma, na anayeegemea nyuma haongozi skii, skii ndiyo inamwongoza. Kumbukeni plastiki ikipigwa na baridi inakuwa ngumu zaidi kuliko ilivyokuwa dukani kwenye joto.

Nimempokea binti wa miaka 8, alivaa skii na viatu vya binamu yake wa miaka 13. Viatu vilijazwa soksi. Skii haikugeuka, akapata kasi, akaanguka, mguu ukajisokota. Kile kishikizo kinachofunga kiatu kwenye skii kimetengenezwa kiachie mguu ukijisokota kupita kiasi. Hakikuachia, kwa sababu kilikuwa kimekazwa kwa kilo za binamu. Mfupa wa muundi ukavunjika kwa mzunguko, kama unavyovunja muwa kwa kuusokota. Plasta kuanzia vidole mpaka pajani. Alipona vizuri, watoto wanaunga haraka, lakini usiku ule baba yake aliniuliza swali moja mara nne: "Lakini si zilimtosha urefu?"

Kwa hiyo kishikizo kinarekebishwa na fundi wa duka, kila msimu, na kila skii zinapobadilisha mwenyewe. Atakuuliza uzito, kimo, umri, urefu wa soli ya kiatu na uzoefu. Kina baba, tafadhali, hapo kwenye uzoefu msijisifu. Ukisema mtoto ni mtaalamu, fundi anakaza zaidi. Sema anaanza.

Akianguka, angalia haya. Mguu umepinda pasipopindwa, vidole vimekuwa baridi au vimekufa ganzi, au maumivu hayapungui: msimvue kiatu kwa nguvu, msimsimamishe, piga 113 kama hali ni mbaya, au 116117 upate ushauri wa kituo cha dharura. Na mtoto mdogo ambaye amenyamaza, hana uvimbe, anacheza amekaa lakini kila ukimsimamisha anakunja mguu, huyo mlete. Mifupa ya wadogo inaweza kupata ufa usioonekana kwa nje.

Najua kuna atakayeandika hapo chini "hii michezo si yetu." Mwenzangu, Philip Boit alikuwa mkimbiaji kutoka Kenya, akajifunza theluji ukubwani kule Finland, akaingia mbio za kilomita 10 za Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho. Bingwa, Bjørn Dæhlie wa hapa Norway, alimsubiri pale kwenye mstari akamkumbatia, na Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliiwakilisha Kenya kwenye skii za mlimani mwaka 2018 kule Pyeongchang. Watoto wenu wakiwauliza kama kuna mtu kama wao, mna majina mawili.

Swali la mwisho lililoulizwa sana: na sisi kina mama? Sheria ni ileile. Taja kilo zako za kweli dukani. Najua tunavyopenda kupunguza, lakini ukisema 68 na wewe ni 84 utapewa skii laini, itakwaruza njia nzima, utarudi umechoka na kusema skii ni utumwa. Ukishajifungua, skii za kabla ya ujauzito zipime upya kwa karatasi, zinaweza kuwa si zako tena. Na kama bado unanyonyesha au nyonga zinavuta, anza na njia tambarare, mlima upo tu hauhami.

Jumapili tutaongea soksi, maana hizo jozi mbilimbili mnazowavalisha watoto ndizo zinazobana damu na kugandisha vidole. Kwa leo tafuteni karatasi.